Pete Postlethwaite: Hakuwa Steringi, Ila Sura Yake Hukuisahau

Wapenzi wa muvi wanaijua kanuni: steringi hafi. Anamiminiwa risasi hazimpati, anaruka kutoka ghorofani anatua mzima, na bango la nje limeandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Lakini kila muvi nzuri ina mtu mwingine pembeni. Anatokea dakika kumi, anaongea maneno machache, anaondoka. Muvi ikiisha unajikuta unamfikiria yeye, siyo steringi.

Sasa vuta picha ya mwindaji mwenye upara kwenye Jurassic Park ya pili, yule anayemtaka dinosa dume na hataki kitu kingine. Mkumbuke mwanasheria mpole mwenye jina la Kijapani kwenye The Usual Suspects. Kuna padri mwenye tattoo ya msalaba mgongoni kwenye Romeo + Juliet ya Leonardo DiCaprio. Kuna muuza maua mwenye roho mbaya kwenye The Town ya Ben Affleck. Kuna tajiri anayekata roho kitandani kwenye Inception.

Wote hao ni mtu mmoja. Mashavu yamebonyea, mifupa ya uso imechomoza kama kinyago, pua nene, halafu macho ambayo yakikutazama unahisi yanajua siri yako. Anaitwa Pete Postlethwaite. Ndiyo, herufi 13 kwenye jina la ukoo peke yake, na ile T ya kwanza wala haitamkwi. Jina hilo lina kisa chake, na kisa hicho ndicho kinachoeleza maisha yake yote ya uigizaji.

Mtoto wa fundi mapipa

Pete alizaliwa tarehe 7 Februari 1946 mjini Warrington, mji wa viwanda ulioko kati ya Liverpool na Manchester, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Familia yao ilikuwa ya Kikatoliki, watu wa kipato cha chini, na yeye alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza mapipa ya mbao, na baadaye alifanya kazi ya kutunza majengo ya shule. Hakukuwa na msanii nyumbani, wala mjomba mwenye koneksheni London.

Mwanzoni kijana alielekea kwenye upadri. Alipita seminari, akaona wito siyo wake, akatoka. Baadaye akasomea ualimu katika chuo cha St Mary's kule Twickenham, akawa mwalimu wa maigizo na michezo. Kwa familia kama yao, hapo tayari mtoto ameshatoboa. Mshahara wa uhakika, heshima mtaani, pensheni uzeeni. Mzazi gani angetaka zaidi ya hapo?

Lakini Pete aliacha kazi ya ualimu. Akaenda kuanza upya darasani kwenye shule ya maigizo ya Bristol Old Vic, shule iliyofunguliwa mwaka 1946, mwaka uleule aliozaliwa yeye. Kuacha ajira kwenda kujifunza kuigiza, ukiwa mtoto wa fundi mapipa, ni uamuzi ambao hata leo ungeitisha kikao cha ukoo.

Mtaa wa Hope

Baada ya shule, jina lake lilianza kusikika Liverpool katikati ya miaka ya 1970, kwenye ukumbi wa Everyman ulioko Hope Street. Jengo lenyewe liliwahi kuwa kanisa, likawa ukumbi wa sinema, na mwaka 1964 likageuka kuwa ukumbi wa tamthilia. Kijana aliyekimbia seminari akaishia kufanya kazi ndani ya kanisa la zamani. Mungu naye ana utani wake.

Everyman ya miaka ile ilikuwa kama timu ya mtaani ambayo baadaye unagundua wachezaji wote walikuja kuitwa timu ya taifa. Humo alikuwemo Julie Walters, ambaye kizazi cha Harry Potter kinamjua kama mama yake Ron. Alikuwemo Bill Nighy, yule nahodha mwenye uso wa pweza kwenye Pirates of the Caribbean. Alikuwemo Jonathan Pryce, ambaye wapenzi wa Game of Thrones wanamwita High Sparrow. Waandishi Willy Russell na Alan Bleasdale nao walikuwa wakiandika kwa ajili ya jukwaa hilo. Wakati ule hakuna aliyekuwa staa. Walikuwa vijana wenye njaa tu.

Na hawakungoja watu wavae vizuri waje ukumbini. Walikuwa wakipakia vitu vyao kwenye gari na kwenda kuigiza kwenye baa za mitaa ya Liverpool na viunga vyake. Ukiigiza baa, mlevi haogopi kukwambia kwamba umechosha. Hana tiketi ya bei mbaya ya kumlazimisha avumilie. Ukimshika mtu wa namna hiyo akaweka glasi chini akakusikiliza, basi kamera haiwezi kukutisha tena. Pete alipikwa kwenye moto huo. Baadaye akapanda hadi Royal Shakespeare Company, kundi linaloheshimika kuliko mengi Uingereza kwa kazi za Shakespeare.

"Badilisha jina"

Hapo ndipo habari ya jina inapoingia. Watu wa fani walimshauri mapema kabisa: kaka, kwa jina hili hufiki mbali. Halitamkiki, halikai kwenye bango, mtangazaji wa redio atajing'ata ulimi. Tafuta jina fupi, jina tamu. Wengi walifanya hivyo na wala siyo dhambi. Michael Caine alizaliwa Maurice Micklewhite, na hakuna anayemdai maelezo.

Kukawa na utani kwamba jina la Postlethwaite haliwezi kuwekewa taa nje ya ukumbi, kwa sababu bili ya umeme itaufilisi ukumbi wenyewe.

Pete akagoma. Jina lilikuwa la baba yake, fundi mapipa wa Warrington, na akaamua litabaki vilevile, herufi zote 13. Wahenga walishasema jina jema hung'ara gizani, kwa hiyo habari ya taa haikumsumbua.

Unaweza kuona ni jambo dogo. Siyo dogo. Mtu anayekubali kubadilisha jina, kesho anaambiwa arekebishe meno, keshokutwa anaambiwa apunguze lafudhi ya kwao. Pete alikuwa na jina refu, sura isiyo ya mabango na asili ya mtu wa kaskazini, na vyote vitatu akavibeba kama vilivyo. Gharama yake ilikuwa muda. Mwaka 1977 alipata kisehemu kidogo kwenye The Duellists, muvi ya kwanza ndefu ya mwongozaji Ridley Scott, akiwa na miaka 31. Hollywood ilikuja kumtambua rasmi akiwa na miaka 48.

Baba wawili

Kazi mbili zinaonyesha vizuri uwezo wa huyu mzee. Kwenye zote mbili anaigiza baba.

Ya kwanza ni Distant Voices, Still Lives ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Terence Davies, mzaliwa wa Liverpool aliyetumia kumbukumbu za familia yake mwenyewe. Pete ni baba mkali wa miaka ya 1940. Anampiga mke, anawatesa watoto, nyumba nzima inaishi kwa kunusa hali ya hewa ya uso wake. Halafu, katikati ya ubaya wote huo, unamwona usiku wa kuamkia Krismasi akiwatazama wanawe waliolala, na upendo unamjaa usoni. Mwigizaji wa kawaida angechagua upande mmoja, ama shetani ama baba. Pete alikupa wote wawili ndani ya ngozi moja, na hilo ndilo linalouma, maana wazazi wa namna hiyo wapo kweli.

Ya pili ni In the Name of the Father ya mwaka 1993, ya mwongozaji Jim Sheridan. Hii imetokana na mkasa wa kweli. Oktoba 1974 mabomu yalilipuka kwenye baa za mji wa Guildford, Uingereza. Polisi wakamkamata Gerry Conlon, kijana kutoka Belfast, pamoja na wenzake watatu. Baba yake, Giuseppe Conlon, mzee mpole mwenye mapafu mabovu, akasafiri kwenda London kumtafutia mwanawe wakili. Naye akakamatwa. Akafungwa kwa kosa asilolifanya, na akafa akiwa bado mfungwa, Januari 1980. Gerry na wenzake waliachiwa mwaka 1989, baada ya miaka 15. Hukumu ya kundi la Giuseppe ilifutwa mwaka 1991, mwenyewe akiwa ameshazikwa miaka 11. Waziri Mkuu Tony Blair aliziomba familia radhi mwaka 2005.

Daniel Day-Lewis alikuwa Gerry, yaani steringi. Pete alikuwa Giuseppe. Kwenye muvi baba na mwana wanakaa selo moja, ingawa katika maisha halisi haikuwa hivyo. Day-Lewis anapiga kelele, anapasuka, anapigana na ukuta. Pete hafanyi hata kimoja. Anakaa kitandani, anasali, anaandika barua za kudai haki, anakohoa. Na kadiri anavyozidi kuwa mtulivu ndivyo unavyozidi kumwona mtu ambaye jela imeshindwa kumfunga. Anapokufa, wafungwa wanawasha karatasi na kuziachia madirishani, zinashuka gizani kama nyota. Kama umeiona hiyo sehemu na hukuguswa, kapime moyo.

Muvi ile iliteuliwa kuwania Oscar 7, mojawapo ikiwa ya Pete kama mwigizaji bora msaidizi. Tuzo alichukua Tommy Lee Jones kwa The Fugitive. Pete akarudi kazini.

Kobayashi

Mwaka 1995 ikaja The Usual Suspects. Kama hujaiona, ruka aya inayofuata, usije ukalaumu.

Pete ni Kobayashi, mwanasheria wa jambazi la kuogopwa, Keyser Söze. Jina ni la Kijapani, sura ni ya Mwingereza, na lafudhi kama ya mtu wa bara Hindi, lakini huwezi kuapa. Wengi walijiuliza mbona huyu mtu haeleweki katoka wapi. Kumbe ndiyo maana yenyewe! Mwisho unagundua jina Kobayashi limesomwa tu chini ya kikombe, na hadithi nzima imetungwa kwa vitu vilivyokuwa ofisini kwa polisi. Mtu ambaye hayupo lazima awe na lafudhi ya mahali ambapo hapapo. Pete aliucheza uongo huo kwa utulivu kiasi kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho ya watu tangu mwanzo na hawakuliona.

Kombe lililokataliwa

Mwaka 1996 ndio ulileta kazi ambayo Waingereza wengi wakilisikia jina lake wanaikumbuka kwanza: Brassed Off, ya mwongozaji Mark Herman.

Ili uielewe inabidi ujue kilichotokea. Kaskazini mwa Uingereza kuna vijiji vilivyoishi kwa makaa ya mawe. Baba mgodini, mtoto mgodini, na migodi mingi ilikuwa na bendi zake za matarumbeta. Wachimbaji walikomalia mgomo wa mwaka mzima, 1984 hadi 1985, wakashindwa. Oktoba 1992 serikali ikatangaza kufunga migodi 31, ajira kama 30,000 zipotee. Mwezi uleule, bendi ya mgodi wa Grimethorpe ikaenda kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London na kutwaa ubingwa wa taifa. Wamechukua kombe huku wanajua kazi hawana. Mgodi ulifungwa 1993.

Muvi ilichukua mkasa huo, ikabadilisha jina la kijiji kuwa Grimley, na muziki wake ukapigwa na bendi yenyewe ya Grimethorpe. Pete ni Danny, kiongozi wa bendi, mchimbaji wa zamani ambaye vumbi la makaa limemaliza mapafu yake. Kwake bendi ni kila kitu. Wenzake wanadaiwa, nyumba zinachukuliwa vitu, ndoa zinavunjika, mwanawe wa kumzaa anafikia hatua ya kutaka kujinyonga. Danny yeye anawaza mazoezi tu.

Halafu wanashinda. Danny katoroka hospitalini kuja ukumbini, anapanda jukwaani, kombe liko mezani, na watu wote wanangoja ashukuru. Analikataa. Anaueleza ukumbi ule mkubwa kwamba siku zote aliamini muziki ndio wenye maana, kumbe muziki si kitu ukiulinganisha na watu, na kwamba watu hao serikali imewamaliza. Hapigi kelele. Sauti inakatika, pumzi haitoshi, na kila sentensi anaivuta kama ndoo ya maji kutoka kisima kirefu. Wakati wanatoka, jamaa mmoja wa bendi analichukua kombe hivyohivyo, maana hasira ni hasira lakini ushindi ni ushindi.

Maneno hayo yalivuka mipaka ya sinema. Kundi la muziki la Chumbawamba liliiweka sauti ya Pete mwanzoni mwa wimbo wao wa Tubthumping kwenye albamu yao ya mwaka 1997, ule wimbo wa kuanguka na kuinuka uliopigwa dunia nzima. Wengi waliucheza bila kujua mzee anayeongea mwanzoni ni nani.

Mzee Tembo

Sasa basi, 1997 mwongozaji Steven Spielberg akamchukua kwa kazi mbili ndani ya mwaka mmoja. Kwenye Amistad alikuwa Holabird, mwendesha mashtaka anayewaandama Waafrika waliojikomboa kwenye meli ya watumwa mwaka 1839. Kwenye The Lost World: Jurassic Park akawa Roland Tembo.

Jina hilo kwa msemaji wa Kiswahili halihitaji mkalimani. Ni tembo wa porini, siyo tembo la mnazi. Mwindaji aliyezeekea Afrika, ambaye ameshawinda kila mnyama, na sasa anataka kimoja tu ambacho hakuna binadamu amewahi kukipata. Kulikuwa hata na sehemu iliyomwonyesha kwenye baa ya Mombasa akiwafundisha adabu watalii waliokuwa wakimsumbua mhudumu, ila ilikatwa muvi ilipoingia kwenye majumba ya sinema.

Mwandishi mwingine angemfanya Tembo kuwa mzungu katili wa kawaida, na mwigizaji mwingine angekubali. Pete alimpa heshima. Tembo anamkamata dinosa wake, lakini rafiki yake amekufa. Bosi anamwahidi kazi nono kwenye mbuga mpya. Anakataa. Anajibu kwamba ameshakaa na mauti vya kutosha, anaondoka zake. Tena mtu mwenye zawadi mkononi, tena anaiacha mezani.

Ni Spielberg huyo aliyesema kwamba huenda Pete ndiye mwigizaji bora kuliko wote duniani. Mtu mwingine angeichapa sentensi hiyo kwenye fulana. Pete alitania kwamba bila shaka Spielberg alinukuliwa vibaya, na alichosema hasa ni kwamba Pete *anajiona* ndiye bora duniani.

Daktari aliyekimbia

Mwaka 2005 akawemo kwenye muvi iliyopigwa Afrika Mashariki. The Constant Gardener, ya mwongozaji Mbrazili Fernando Meirelles, ilitokana na riwaya ya John le Carré na sehemu kubwa ilirekodiwa Kenya, ikiwemo Kibera na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Hadithi ni ya kampuni ya dawa inayowajaribia maskini wa Kenya dawa ya kifua kikuu, huku vifo vikifichwa. Rachel Weisz alipata Oscar kwa kazi hiyo. Watu wa muvi ile walianzisha mfuko wa kusaidia elimu Kibera na Loiyangalani.

Pete ni Lorbeer, daktari aliyehusika na dawa hiyo, ambaye dhamira ilimsuta akakimbilia Sudan kwenye kambi ya misaada. Unasubiri uone shetani wa hadithi. Unakutana na mtu mchovu anayejaribu kulipa deni lisilolipika. Hata hapo Pete hakukupa nafasi ya kumchukia kirahisi.

Nishani

Miaka mingi mtu akiigiza watu wenye msimamo, swali linabaki: na yeye mwenyewe je? Jibu lilikuja mwaka 2009.

Mwaka 2004 alikuwa amepewa nishani ya OBE. Mwaka 2009 akaigiza kwenye The Age of Stupid, ya Franny Armstrong, akiwa mtunza kumbukumbu wa mwaka 2055 ambaye dunia yake imeshaharibika kwa joto, anapitia picha za zamani akijiuliza kwa nini watu hawakujiokoa wakati nafasi ilikuwepo. Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa inafikiria kuruhusu mtambo mpya wa umeme wa makaa ya mawe huko Kingsnorth, Kent. Kwenye uzinduzi wa muvi jijini London, mbele ya waziri wa nishati Ed Miliband, Pete akatamka kwamba mtambo ule ukiruhusiwa, nishani ya OBE atairudisha.

Mwezi uliofuata serikali ilikaza masharti kwa mitambo mipya ya makaa. Siyo Pete peke yake aliyefanikisha hilo, kulikuwa na kampeni kubwa ya watu wengi. Lakini mtambo mpya wa Kingsnorth haukujengwa.

Hapo mtu anaweza kuuliza: si huyu huyu aliyewalilia wachimba makaa kwenye Brassed Off? Mwaka 1996 analia migodi isifungwe, 2009 anakataa makaa yasichomwe. Kigeugeu? Ukikaa vizuri utaona siyo. Danny hakuwahi kuyapenda makaa. Makaa ndiyo yaliyomla mapafu. Alichokililia ni watu waliotupwa kama maganda baada ya kutumika. Na mzee wa 2055 naye analilia watu. Kilichobadilika ni tishio, watu ni walewale. Na tofauti kubwa ni kwamba kombe la Danny lilikuwa la kuigiza, ila nishani ilikuwa ya kweli, imepewa jina lake la kweli, lile refu.

Mcheza kwao

Mwaka 2008 Liverpool ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Wakati huo Pete angeweza kuchagua jukwaa lolote la London. Akarudi Everyman, Hope Street, kuigiza King Lear, chini ya mwongozaji Rupert Goold. Lear ni mzee anayegawa ufalme wake kwa binti zake na kuishia porini kwenye mvua akiwa hana kitu. Kwa waigizaji wa Kiingereza huo ndio mlima wa mwisho.

Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Safari hii ilikuwa nusu nusu. Wakosoaji waligawanyika, wengine hawakuupenda kabisa uongozaji. Hakukimbia. Tamthilia ikarekebishwa na mwaka 2009 ikapelekwa London kwenye ukumbi wa Young Vic. Miaka zaidi ya 30 baada ya kuigizia walevi, bado alikuwa tayari kusimama mbele ya watu na kuambiwa amekosea.

Mwaka 2010 sura yake ilionekana kwenye muvi tatu kubwa: Clash of the Titans, Inception na The Town. Kwenye The Town anakata miba ya maua ya waridi huku anamtisha mtu, sauti iko chini, kisu hakisimami. Dakika chache tu, na ndizo zinazotisha kuliko milio yote ya bunduki ya muvi ile.

Saratani ilikuwa imeshawahi kumpata mwaka 1990, ya korodani, akapona. Safari hii ilikuwa ya kongosho. Aliigiza kazi ya mwisho, Killing Bono, akiwa tayari mgonjwa. Tarehe 2 Januari 2011 akafariki dunia mjini Shrewsbury, akiwa na miaka 64. Wiki chache baadaye akatajwa kati ya wanaowania tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi kwa ile The Town. Hakuipata. Oscar hakuipata, BAFTA hakuipata.

Kwenye orodha ya walioteuliwa siku hiyo jina lake liliandikwa lote, Pete Postlethwaite, bila kupunguzwa hata herufi moja. Ukirudia muvi yoyote kati ya hizo leo usiku, usimwangalie steringi. Mwangalie yule mzee pembeni.

Na wewe mdau, ulimwona kwa mara ya kwanza wapi: kwa Mzee Tembo, kwa Kobayashi, au kwa baba yule wa selo moja?